Uzi wa Fundi Midigo

Trekta ya miwa ilisimama usiku pale Chemelil,
haina taa, haina hata tawi la majani barabarani,
nami nikakata kona nikiwaza karatasi za mtihani.
Miwa ikaingia palipokuwa na taa.
Nilitoka na alama ya mkanda kifuani
na mdomo mtamu, sijui kwa nini.

Likavutwa hadi Kisumu, gereji ya nyuma ya Kibuye,
likalazwa kati ya Pijo isiyo na magurudumu
na kuku wa mama muuza chai.
Bima yangu ni ile ya kumlipa mwenzangu.
Mimi mwenyewe, pole tu.

Sasa kila mtu ana hesabu.
Shemeji Omolo: "Tengeneza! Injini hiyo ni ya Japani yenyewe,
si hizi za siku hizi, za karatasi."
Kaka yangu, kwa simu kutoka Nakuru:
"Uza, kopa chamani, ongeza, nunua lingine."
Hajui kwamba deni la chama
bado lina miezi minane ya kupumua.
Dalali mwenye kofia ya kampuni ya mbolea
akalizunguka mara mbili, akapiga teke gurudumu:
"Elfu sabini, Madam, na hapo nakuonea huruma."

Fundi Midigo hakusema kitu.
Alitoa uzi mweupe wa kushonea magunia,
akampa kijana wake ncha ashike gurudumu la nyuma,
yeye akavuta hadi la mbele,
akachuchumaa, jicho moja kalifumba.
Upande wa kulia uzi ukagusa mpira wote.
Upande wa kushoto ukapita hewani.
Akaingiza vidole kwenye ule mwanya:
kimoja, viwili, nusu ya cha tatu.

"Bodi nitanyoosha. Boneti nitaipata Kondele.
Rangi, utadhani limeshuka melini jana.
Lakini huu uti wa mgongo, Mwalimu,
nikiuvuta unakuja, nikiuachilia unakumbuka.
Utashika usukani unyooke, lenyewe litataka mtaro."
Laki moja na themanini.
Kisha, akipangusa mikono, sauti chini:
"Au tulijaze puti, tulipake, tumwuzie mtu wa mbali.
Huko hawapimi kwa uzi."

Nilinyamaza muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Nilimwona huyo mtu wa mbali.
Uso sikuuona. Niliona shati, limepigwa pasi kwa ajili ya siku hiyo,
na bahasha ya kaki iliyohesabiwa mara tatu njiani,
na mkewe akipapasa kiti cha mbele
kama anayenunua ndama,
na watoto wakigombania dirisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema ufa ukiwa msingini.

Humo ndani nilimfundisha Adero gia,
tukakwaruza lango la kanisa, tukakimbia kama wezi.
Humo nililia siku moja, nimeegesha kando ya soko la Jubilee,
madirisha juu, redio ikisoma bei ya mahindi.
Vitu hivyo havina bei kwa dalali
wala havihamishwi na winchi.

"Likate," nikasema.
"Vipande vipande. Na hiyo chasisi iende kwa kilo,
nikiwa hapa, nikiona."
Midigo aliukunja uzi wake taratibu
kwenye kidole gumba, akautia mfukoni.
Sikujua kama nimemfurahisha au nimemnyima kazi.

Leo, mwezi wa tano, nipo nyuma ya boda pale Mamboleo,
mvua inaingia viatuni, chaki inalowa mkobani,
mara gari la buluu likatupita
lenye mlango mmoja wa rangi ya maziwa.
Mkwaruzo wa lango la kanisa, uleule.
Dirishani, kiwiko cha mtu nisiyemjua, kimetulia.

"Mfuate," nikamwambia kijana wa boda.
"Nani?"
"Basi, acha."

Lilikuwa likienda limenyooka.